Kalibu Haibadilishwi Nyumba Ikishafika Lenta

Ahsanteni sana. Naona tangu niandike neno "kompaila" ubaoni kuna waliokwisha kuutazama mlango. Ni programu tu inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Kaeni, ndugu zangu, tuanze na tofali.

Fundi akishafyatua tofali kwa kalibu moja na nyumba ikafika lenta, mletee kalibu mpya iliyozidi inchi mbili uone kama ataipokea. Itakuwa ya chuma, inang'aa, haina ubovu wowote, lakini tofali zake hazitakaa sawa na zilizokwisha kupanda ukutani.

Toleo thabiti la mfumo endeshi ndiyo nyumba hiyo, na kompaila ndiyo kalibu yake. Debian 9, mfumo wa jamii ya Linux, ilitoka Juni 2017 na vifurushi (programu zilizofungashwa) zaidi ya 51,000. Kompaila yake ilikuwa GCC 6.3, ingawa GCC 7 ilishatoka mwezi mmoja kabla. Wengi walinung'unika. Mimi nasema walifanya sawa, na nasema kwa sababu yalishanikuta.

GCC 5, mwaka 2015, ilibadilisha umbo la std::string, aina inayobeba maandishi, katika lugha ya C++. Baadaye nikapandisha kompaila kwenye seva ya kazini, kwa uroho tu wa vitu vipya. Programu yangu ikakompailiwa bila neno. Ilipofika kuunganishwa na maktaba ya zamani, yaani msimbo wa watu uliokwisha kukompailiwa, skrini ikajaa makosa, kila mstari una __cxx11, alama ya umbo jipya. Majina yaliyodaiwa hayapo yalikuwemo kwenye maktaba, ila kwa umbo la zamani. Siku nzima nikawa naitukana maktaba ya watu, kumbe mkosa ni mimi.

Sasa, hata mbishi kama mimi, nisiyetaka kompaila iguswe, nilipatikana. Januari 2018 udhaifu uitwao Spectre ukatangazwa: prosesa inakisia njia itakayofuata, na mshambuliaji anaweza kuipotosha akachungulia siri. Kinga mojawapo ni retpoline, mpangilio wa maagizo unaoizuia prosesa isipotoshwe inapokisia, na utamu wake ndio ugumu wake: haiandikwi na mwandishi wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) mwenyewe kila mahali, inatolewa na kompaila wakati wa kukompaili. GCC 6.3 ilikuwa haiijui. Ukisema kompaila haiguswi, kerneli ya watu inabaki wazi.

Debian hawakuleta GCC 7. Walichukua kiraka cha retpoline peke yake, wakakishonea kwenye kompaila ile ile kuukuu, wakaitoa Februari kama sasisho la usalama, huku wakieleza kwamba GCC yenyewe haina tundu. Namba ikatoka 6.3.0-18 ikawa 6.3.0-18+deb9u1. Itazameni vizuri hiyo deb9u1, yaani sasisho la kwanza la Debian 9. Kalibu ni ile ile, imechongwa pembe moja tu. Debian 8, yenye GCC 4.9, nayo ikafanyiwa hivyo hivyo.

Kushona kiraka hakuwezekani kila mara. Firefox, kivinjari cha mtandao, inataka kompaila mpya ya lugha ya Rust karibu kila toleo lake la muda mrefu linapobadilika, na Firefox isiyosasishwa ni hatari kuliko kompaila mpya. Hapo, katika Debian 11, waliweka Rust ya pili, kifurushi rustc-mozilla, kwa ajili ya kazi hiyo. Rustc, kompaila ya kawaida ya Rust katika toleo hilo, haikuguswa.

Kwa hiyo mtu akinijia anataka kompaila ipandishwe, namuuliza kwanza: ni nani atakayebaki bila kinga tusipoipandisha? Akinijibu kwamba anataka tu sintaksia mpya ya C++, namwelekeza kwa Red Hat, wenye mfumo wa RHEL. Wao wanatoa gcc-toolset, kompaila mpya ya pembeni, inakaa chini ya /opt/rh, unaiwasha kwenye dirisha la amri unalofanyia kazi. Vipande vya libstdc++, maktaba ya kawaida ya C++, ambavyo toleo halina vinaingizwa ndani ya programu yenyewe, hivyo inaendeshwa hata kwenye seva isiyo na toolset. Fungua dirisha jingine hapo hapo, andika gcc --version kwenye RHEL 8: bado ni GCC 8.