Mkoa Uliokufa Bado Unaitika

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja mchana huu wa jua kali, na aliyewasha zile feni mbili Mungu amjaze.

Nimekuja na karatasi tatu. Ya kwanza ni cheti changu cha kuzaliwa. Kinasema nilizaliwa Marafa, Wilaya ya Kilifi, Mkoa wa Pwani. Ya pili ni kitambulisho. Wengi wenu mnacho cha aina hii, hebu kitoeni mkigeuze upande wa nyuma. Mnaona? Wilaya, tarafa, kata, kata ndogo. Changu kinasema Wilaya ya Malindi, kwa sababu miaka ya tisini Malindi ilikatwa kutoka Kilifi ikawa wilaya yake yenyewe. Ya tatu ni fomu ya basari, ile pesa ya kusaidia karo, niliyomjazia mpwa wangu mwezi uliopita: Kaunti ya Kilifi, Kaunti Ndogo ya Magarini. Kwa hiyo nimetoka Kilifi, nikaenda Malindi, nikarudi Kilifi. Na nyumba ya marehemu baba yangu haijasogea hata hatua moja. Ipo pale pale, karibu na Nyari, lile korongo la mchanga mwekundu ambalo watalii hupigia picha jua likizama.

Nataka tuulizane leo: kati ya mistari yote hii inayochorwa na kufutwa, ni ipi inayoingia ndani ya mtu, hata akiulizwa "wewe wa wapi?" ataje jina lile bila kufikiri? Na ni ipi inayobaki kwenye fomu tu?

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo Waswahili tunapopotezana. Mtanzania akisema "jimbo" anamaanisha eneo linalochagua mbunge. Sisi hilo tunaliita eneo bunge. Mkongomani wa Lubumbashi akisema "jimbo" anazungumzia mkoa mzima wenye gavana. Mtanzania akisema "kata" anamaanisha mahali penye diwani, sisi kata ni ya chifu, na mwakilishi tunampigia kura kwenye wadi. "Wilaya" ni neno la Kiarabu, na ukienda Oman utalikuta bado linafanya kazi ile ile. Watu wawili wanaweza kukaa kibarazani wakazungumza Kiswahili fasaha saa nzima juu ya serikali zao, na kila mmoja akaondoka na ramani isiyo ya mwenzake.

Kwetu Kenya neno "majimbo" lina historia nzito zaidi. Mwaka 1962, kwenye mazungumzo ya Lancaster House kule London, chama cha KADU kilisimama kidete kutaka majimbo. Kiongozi wake alikuwa mtu wa hapa hapa Pwani, Ronald Ngala, aliyekuwa mwalimu kabla ya siasa. Hofu ya KADU ilikuwa wazi: makabila makubwa yaliyojaa KANU, chama hasimu, yatameza ardhi na vyeo, na wadogo watabaki kutazama. Basi Tume ya Mipaka ikazunguka nchini kusikiliza wajumbe wa kila upande, nani anataka kukaa na nani, na nani hataki hata kusikia jina la jirani yake. Mwaka 1963 tukaingia uhuru na majimbo saba, ukiacha Nairobi, kila jimbo na bunge lake. Ngala akawa rais wa bunge la Pwani, na kijana mmoja aitwaye Daniel arap Moi akawa rais wa bunge la Bonde la Ufa.

Haikudumu. Serikali kuu ilichelewesha fedha na madaraka, KADU ikajivunja yenyewe Novemba 1964, na tulipokuwa jamhuri Desemba mwaka ule majimbo yakageuka mikoa. Mipaka ilibaki karibu ile ile. Kilichoondoka ni nguvu. Badala ya bunge tukapata Mkuu wa Mkoa na bendera mbele ya gari.

Neno "majimbo" lenyewe liliendelea kuishi, lakini vibaya. Lilipofufuliwa kwenye mikutano ya siasa miaka ya tisini, wakati wa mapigano ya kikabila, wengi walilisikia kama amri: kila mtu arudi kwao. Watu walichomewa nyumba huku neno hilo likitajwa. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu Katiba ya 2010 ilipokuja kugawa madaraka kwa kweli, hakuna aliyethubutu kuiita ya majimbo. Tukapewa "ugatuzi", neno jipya lisilo na damu mikononi, na "kaunti", la kukopa, ambalo wazee walilijua tu kutokana na zile kaunti kaunseli za zamani, yaani mabaraza ya serikali za mitaa.

Sasa hizi kaunti 47 zilitoka wapi? Watu hudhani wataalamu walikaa wakapima idadi ya watu, maji na barabara. La. Ni orodha ya wilaya zilizokuwa kwenye sheria mwaka 1992, pamoja na Nairobi. Baada ya hapo marais waliendelea kutoa wilaya kama anayegawa peremende. Mkutano wa hadhara, wazee wanaomba, rais anatabasamu, "nimewapa wilaya", vigelegele. Zilifika zaidi ya 200. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikasema zilizoongezwa bila sheria ni batili. Katiba ilipoandikwa ikabidi kurudi kwenye orodha halali ya mwisho, ile ya 1992. Ndiyo maana Malindi, iliyopata wilaya baada ya hapo, haikuwa kaunti. Nenda Malindi leo ukae na wazee kwenye kahawa uwaulize. Utasikia maneno. Watakwambia mji wao ulikuwa unapokea Wareno wakati Kilifi ni kichaka. Nawaelewa, japo watu wa Kilifi nao wana majibu yao, na magofu ya kale ya Mnarani ni ushahidi kwamba si kichaka.

Hapa ndipo penye jambo ninalolipenda zaidi. Mikoa iliisha rasmi mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi. Miaka iliyofuata, wengi wa magavana walianza kutafutana na kuunda jumuiya za kaunti jirani, kwa ajili ya biashara, barabara na kusukuma mambo yao Nairobi. Hakuna aliyewaambia wajikusanye vipi. Basi tazameni walivyojikusanya.

Pwani: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kaunti sita, ndizo zile zile zilizokuwa Mkoa wa Pwani, haijapungua hata moja. Wakaiita Jumuiya ya Kaunti za Pwani.

Sasa chukueni Mkoa wa Mashariki. Ulianzia Moyale, mpakani na Ethiopia, ukashuka hadi Makueni, unakaribia Tsavo. Ndani yake Waborana, Wagabra, Warendille, Wameru, Waembu, Wakamba. Uliishi miaka hamsini. Ulipokufa, kaunti zake nane zilitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Marsabit na Isiolo zikaenda na wenzao wa kaskazini na mipakani. Meru, Tharaka-Nithi na Embu zikajiunga na kaunti za Mlima Kenya. Kitui, Machakos na Makueni zikabaki peke yao, Ukambani kwa jina jingine. Hakuna aliyelia. Sijawahi kukutana na mtu akaniambia kwa fahari, "mimi ni Mmashariki." Mmewahi ninyi?

Miaka ile ile, sheria ile ile, Mkuu wa Mkoa mwenye kofia ile ile. Kwa nini Pwani ikashika na Mashariki ikabanduka?

Wengine watasema lugha, au Uislamu. Sikubali, au sikubali kwamba ni hayo tu. Mtaita wa Wundanyi ni Mkristo, anaongea Kitaita, anaishi milimani kwenye baridi na bahari haioni. Lakini likija suala la ajira bandarini au mashamba, anakaa meza moja na Mdigo wa Kwale na Mpokomo wa Tana. Kinachowaunganisha ni kesi moja wanayoidai wote. Ardhi. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakaukodi tangu 1895, na kwa mkataba wa Oktoba 1963 ukaingizwa Kenya. Hati za kumiliki mashamba ya ukanda ule zilikuwa zimeandikwa kwa majina ya watu wengi ambao hawakuwa wakiyalima. Wakulima wakabaki maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Mgiriama anaijua hadithi hii. Mtaita hakuwa ndani ya ukanda, lakini yeye ana mashamba ya mkonge na hifadhi ya Tsavo vilivyombana kila upande, kwa hiyo akiisikia anaitambua. Kabla ya uhuru watu wa Mwambao, yaani ule ukanda, walitaka kujitenga kwa hoja moja, Ngala akataka majimbo kwa hoja nyingine, na walipingana vikali. Wajukuu wao leo wanatumia neno moja tu, Wapwani, na upande wa pili wanaweka "bara".

Mkoa wa Mashariki haukuwahi kuwa na kesi yake. Mborana alikuwa na malalamiko, Mkamba alikuwa na ya kwake, na barua zao zilikutana tu kwenye meza ya karani pale Embu, makao makuu ya mkoa.

Msidhani ni Kenya peke yake. Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa na majimbo makubwa: Jimbo la Ziwa, la Kaskazini, Nyanda za Juu Kusini, na mengine. Yalivunjwa mwaka 1963 ikaja mikoa midogo, na imeendelea kukatwa. Wa mwisho ni Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, sasa ni 31 ukihesabu na mitano ya Zanzibar. Wenzetu walikuwa waangalifu na majina. Kagera, Ruvuma, Mara, Rukwa, Manyara, Simiyu: mito na maziwa. Sisi tukaandika Nandi, Turkana, Samburu, Kisii, Embu, yaani jina la mwenyeji mlangoni, na mgeni ajijue. Lakini sikilizeni Mtanzania anavyoongea. "Mvua zitanyesha Kanda ya Ziwa." "Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini." Jimbo lilifutwa na Mwalimu kabla wengi wao hawajazaliwa, na bado linaitika likiitwa. Na kule Kongo, mwaka 2015 majimbo 11 yalikatwa yakawa 26, Katanga ikagawanywa vipande vinne. Mkute fundi wa Lubumbashi umuulize kwao. Hatakwambia Haut-Katanga, jina jipya la jimbo lake. Atakwambia Katanga.

Hata serikali yetu yenyewe haijaacha. Katiba imeondoa mikoa, lakini Wizara ya Usalama wa Ndani bado ina wakuu wake wa kanda nane, na kanda hizo ni ile mikoa ya zamani. Chini yake chifu na naibu wake wapo kama walivyokuwa. Ile fomu ya basari niliyowaambia, pesa ni za kaunti, lakini hazitoki bila muhuri wa chifu, ambaye ni mtu wa Nairobi, yaani wa serikali kuu. Nilikaa nje ya ofisi yake tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba kwa sababu wino wa muhuri ulikuwa umekauka, kijana akatumwa dukani. Huo ndio ugatuzi ukiutazama kutoka kwenye benchi.

Je, kaunti nazo zitaota mizizi? Nadhani zimeanza, na kinachozimwagilia ni pesa. Katiba inataka kaunti zipate pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na hesabu ya mgao inatazama watu. Ghafla mstari uliokuwa umelala una thamani. Maseno: ni ya Kisumu au ya Vihiga? Mackinnon Road, mji wa malori na soko la mifugo kwenye barabara kuu: Kwale inasema wangu, Taita Taveta inasema wangu. Mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa hajali yuko wilaya gani sasa anajali, kwa sababu anaweza kudaiwa ushuru pande mbili. Na kuubadilisha mpaka si kazi ya mkutano wa hadhara tena. Inahitaji tume huru, kisha theluthi mbili za Bunge la Kitaifa na theluthi mbili za wajumbe wa kaunti katika Seneti.

Binti yangu ana miaka kumi. Cheti chake kinasema Kaunti ya Mombasa. Shuleni waliambiwa waandike insha juu ya kaunti yao, akaandika kurasa mbili nzuri juu ya kivuko cha Likoni na Fort Jesus. Nikamuuliza, "Kwa hiyo wewe ni wa Mombasa?" Akaniangalia kama niliyesahau jina lake. "Baba, sisi ni wa Marafa." Marafa amelala usiku usiozidi ishirini maisha yake yote.

Nimezidisha dakika, mwenyekiti ananitazama. Tuchukue maswali. Namwona bwana kule nyuma amesimama kabla sijamaliza, na kwa jinsi alivyokunja uso nadhani ni mtu wa Mackinnon.