Vitenzi Vikorofi vya Kifaransa: Anzia kwa "nous"

Karibuni. Chukua kalamu na karatasi, maana leo tunaandika vitenzi vikorofi vya Kifaransa, yaani visivyofuata kanuni ya kawaida. Lile jedwali kubwa la nyakati zote liweke kando kwanza. Ukianza nalo utachoka kabla hujashika kitu.

Andika être (kuwa), avoir (kuwa na), aller (kwenda) na faire (kufanya). Vinyambue katika wakati uliopo, nafsi ya ils (wao) tu: ils sont, ils ont, ils vont, ils font. Umeona vinavyofanana mwisho? Nafsi ya vous (ninyi) kwa kawaida huishia -ez, ila andika pembeni vous êtes, vous faites, vous dites. Visome kwa sauti, tuendelee.

Sasa nafsi ya nous (sisi), na hapa naomba utulie. Andika nous buvons, nous prenons, nous finissons. Kata -ons. Umebaki na buv-, pren-, finiss-. Bandika viishio vya imparfait, yaani wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea: -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Je buvais, tu prenais, ils finissaient. Tayari! Boire (kunywa), kilichotupa buvons, inasumbua watu sana katika wakati uliopo, lakini hapa imetulia kabisa. Kitenzi kinachokataa kanuni hii ni être: j'étais. Sikiliza pia: -ais, -ait na -aient hutamkwa sawa, kwa hiyo ukizungumza kazi inapungua, ukiandika ndipo uwe makini.

Tuje wakati ujao, futur simple. Hapa hakuna njia ya mkato, mashina ya vitenzi hivi yanakaririwa: être ni ser-, avoir aur-, aller ir-, faire fer-, venir (kuja) viendr-. Yote yanaishia na r. Ongeza -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont: je serai, tu iras, nous viendrons.

Usiyafute mashina hayo. Yape viishio vya imparfait ulivyoandika juu, upate conditionnel, yaani hali ya -nge-: je serais, tu irais, nous viendrions. Ndiyo maana nasisitiza uyakariri vizuri; shina moja linakupa nyakati mbili.

Simamisha video, ujaribu voir (kuona) na pouvoir (kuweza) mwenyewe, kwa je (mimi), katika imparfait, futur simple na conditionnel. Mashina ya wakati ujao ni verr- na pourr-.

Haya, tusahihishe. Je voyais, je verrai, je verrais. Je pouvais, je pourrai, je pourrais. Kama uliandika r moja, rekebisha sasa hivi.