Askari wa Retina Wanapozidisha Kazi

Zuhura: Assalaam alaykum. Mnatusikiliza kutoka Chumbageni, Tanga. Leo nataka niseme na wale wanaosema, "Bibi haoni, ni uzee tu," wakamwacha ukumbini.

Hatibu: Wa alaykum salaam, dada Zuhura. Lakini wengi huwa ni mtoto wa jicho, au siyo?

Zuhura: Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, lenzi mpya ikawekwa, mtu akaona. Ugonjwa ninaousema mimi ni kuzorota kwa makula kwa sababu ya umri. Uko nyuma ya jicho, kwenye retina, utando unaopokea mwanga, pale katikati panapoitwa makula. Mgonjwa huyu akikutazama anaona mtandio wako na mabega, uso umefunikwa na doa. Anatembea ndani bila kugonga ukuta, ila kutunga uzi kwenye sindano hawezi, msahafu hausomeki. Basi watu wa nyumbani wanadhani anajisingizia. Inaniuma sana hiyo.

Hatibu: Na kinga ya mwili inaingiaje humo? Kinga tunaijua kwa malaria na mafua.

Zuhura: Ndani ya retina kuna seli za kinga zinazoishi humohumo, zinaitwa maikroglia. Mhispania Pío del Río-Hortega alizibainisha mwaka 1919 akichunguza ubongo, na retina ni sehemu ya ubongo iliyochomoza. Zina vikono vyembamba vinavyopapasa muda wote. Vikikuta seli iliyokufa, inamezwa.

Hatibu: Kumbe ni askari.

Zuhura: Askari, na usafi ni juu yao pia. Sasa sikiliza. Seli zinazopokea mwanga hujipukutisha ncha zake kila siku, na tabaka lililo nyuma yake huzimeza hizo ncha. Umri ukienda, tabaka hilo linaelemewa. Mafuta na protini hujikusanya chini yake, na daktari akimulika anaona vidoa vya njano, druseni. Hapo maikroglia husogea, na makrofaji, seli nyingine za kinga zinazomeza taka, nazo huingia kutoka kwenye damu. Zinakuja kusafisha, haziondoki. Zinamwaga kemikali za uchochezi, na seli za mwanga zinazidi kufa. Katika panya wenye ugonjwa wa kurithi wa retina, watafiti wameziona zikimeza seli za mwanga ambazo bado ziko hai.

Hatibu: Hai kabisa? Subhanallah.

Zuhura: Hai. Na kuna komplimenti, protini za damu zinazobandika alama kwenye kitu ili kinga ikishambulie. Mwaka 2005 tafiti kadhaa zilionyesha kuwa mabadiliko fulani kwenye jeni ya protini iitwayo faktari H, ambayo kazi yake ni kuituliza komplimenti, huongeza sana hatari ya ugonjwa huu. Pale ndipo watu wakaacha kuuona kama uchakavu mtupu.

Hatibu: Na dawa je?

Zuhura: Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha mbili za kuzuia komplimenti, pegcetacoplan na avacincaptad pegol, kwa aina kavu iliyokomaa, ile isiyo na mishipa ya damu inayovuja. Ni sindano ya ndani ya jicho, inarudiwarudiwa. Zinapunguza kasi ya sehemu iliyokufa ya retina kutanuka, lakini uoni uliopotea haurudi.

Hatibu: Niulize analowaza msikilizaji. Kama kinga ndiyo inayoharibu, si tuizime? Matone ya steroidi yapo maduka ya dawa.

Zuhura: Hapana, kaka Hatibu, na hapa naomba watu wanisikie. Panya walipoondolewa maikroglia zote, miunganiko ya seli za mwanga ilianza kuharibika na uwezo wa retina ukashuka. Zinahitajika. Na matone hayo hayatibu makula. Ukiyatia muda mrefu bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda hadi ikaua mshipa wa fahamu, na mtoto wa jicho naye anakuja. Unaanza na ugonjwa mmoja, unabaki na matatu. Hata minosaiklini, antibiotiki inayotuliza maikroglia, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina kavu na haikupunguza kasi.

Hatibu: Kwa hiyo kazi ni kuzirudisha kwenye utulivu, siyo kuziua.

Zuhura: Ndiyo, na hapo utafiti bado unahangaika. Lakini ipo aina ya maji, ambapo mishipa mipya ya damu huota na kuvuja. Hiyo ina sindano za kuzuia VEGF, kichocheo kinachootesha hiyo mishipa, na zimewaokolea wengi macho. Sharti ni kuwahi.

Hatibu: Mtu aliyeko Pongwe au Mabokweni atajuaje?

Zuhura: Afunike jicho moja, atazame nondo za dirisha kwa jicho lililobaki, kisha abadilishe. Kama anasomea miwani, aivae. Nondo zikionekana zimepinda, au katikati pana doa, aende kliniki ya macho siku zilezile, asingoje mwisho wa mwezi.

Hatibu: Kwa nini moja moja?

Zuhura: Jicho zima humfichia mwenzake. Yakiwa wazi yote mawili, mtu anaweza kukaa miezi bila kugundua.

Hatibu: Na aanze umri gani kujiangalia?

Zuhura: Miaka 50 kwenda juu, hasa kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anao. Mvuta sigara ndiye wa kwanza kwenye foleni, na akiacha leo hatari yake inaanza kushuka.