Unga imeisha kwa siku ngapi? Mazungumzo kuhusu pesa ya chakula na kalori, Kaloleni, Nairobi

Asanteni, ketini tu, hapa mbele kuna viti, wamama wa nyuma songeni juu sauti yangu si kubwa na hii maikrofoni inakatakata. Nianze na swali kabla hata sijasema natoka wapi. Nani hapa anaweza kuniambia pakiti ya unga iliyo nyumbani kwake saa hii ilifunguliwa siku gani? Si bei, bei wote mnajua hata usingizini. Siku.

Wawili. Tumejaa hapa na mikono imeinuka miwili. Sawa, tutarudi hapo.

Mimi ni karani wa mahesabu, hiyo kazi nimeifanya miaka kumi na moja pale Industrial Area, si daktari na si mtaalamu wa lishe, kwa hivyo kama uko na ugonjwa wa sukari ama presha ama uko na mimba hayo yako yaongee na watu wa kliniki. Mi nitaongea kuhusu daftari. Hili hapa, la watoto wa shule, la kurasa 96, na kalamu imefungwa na uzi ndio isipotee.

Miaka kadhaa imepita sasa, karo ilikuwa imepanda nikaamua pesa ya chakula lazima ishuke. Nikaandika kila kitu, sukuma ya ishirini, kiberiti, nyanya, yote, na kila Jumapili jioni naangalia halafu nakata kitu kimoja. Maharagwe nikakata juu yanakula makaa. Mafuta nikapunguza. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa nimetoa karibu elfu nne kwa ile bajeti na nilikuwa najivunia sana, hadi daftari nilikuwa napeleka kwa chama nawaonyesha. Sasa baba watoto yeye ni fundi wa mjengo, anabeba mawe na kuchanganya simiti tangu saa moja asubuhi. Nalala na yeye kitanda kimoja na sikuona anakonda. Ni mshipi nilikuja kuona, ametoboa shimo mpya na msumari. Halafu siku moja akashikwa na kizunguzungu akiwa kwa ngazi, orofa ya pili, wenzake ndio walimdaka. Walipomuuliza kama amekula akasema ndio, na hakuwa anadanganya, alikuwa amekula kile nilimwekea, ukitoa kile alikuwa anawasukumia watoto jioni nikiwa jikoni.

Kwa daftari kila shilingi ilikuwa mahali pake. Hakukuwa na mahali nimeandika nguvu.

Sasa hiyo nguvu ndio inaitwa kalori, na naomba msiogope hilo neno, watu wanafikiria ni kitu ya watu wa jimu wanaotaka kupunguza tumbo. Kalori moja ya chakula ni ule moto wa kupasha lita moja ya maji digrii moja, basi, ni kipimo kama kilo ama lita. Kuna Mmarekani anaitwa Wilbur Atwater, mwishoni mwa miaka ya 1800 huko, alipima vyakula vingi sana na zile hesabu zake ndio dunia inatumia hadi leo: gramu moja ya wanga ama sukari inakupa kalori kama 4, protini 4, mafuta 9. Mtu wa kawaida wanakadiria 2,100 kwa siku, hiyo ndio wale wa misaada ya chakula hupangia. Mwanaume wa kazi ngumu kama ya mjengo anapita 3,000.

Mtaniuliza sasa nitapimaje na sisi tunakula kwa sufuria moja, huyu anamega kubwa, huyu ndogo. Nilisumbuka na hiyo sana. Nilijaribu programu ya simu, unaandika ugali inakuuliza gramu ngapi, nani anajua tonge lake ni gramu ngapi? Nikaacha. Nikaanza kupima pakiti badala ya sahani. Ukifungua unga andika tarehe juu ya pakiti na kalamu. Ikiisha andika tena kwa daftari. Kilo mbili za unga ya mahindi ziko na kalori kama 7,200. Kama nyumba yenu ni watu wanne na imeisha siku tatu, hiyo ni watu wanne mara siku tatu, kumi na mbili, gawa, kila mtu amepata 600 kwa siku kutoka kwa unga. Sukari kilo moja ni kama 4,000, lita ya mafuta ya kupika ni kama 8,200, maharagwe makavu kilo 3,400, mchele kilo 3,600, mkate wa gramu 400 ni kama 1,000, maziwa nusu lita ni 300 na kitu. Maji hayaongezi kalori, kwa hivyo usiangalie ugali umekuwa mkubwa aje ama maharagwe yamefura aje, angalia kikavu kilichoingia. Na mkitaka vingine, omena, managu, terere, kuna jedwali la vyakula vya Kenya serikali yetu na FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walitoa 2018, liko bure kwa intaneti.

Basi nikarudi nyuma kwa daftari langu nikajumlisha. Nyumba yangu ilikuwa inapata karibu 6,300 kwa siku. Tulikuwa tunahitaji kama 8,500, mimi, yeye na watoto wawili. Hizo 2,200 zimekosekana, watoto wanashiba, mi nashiba, zinatoka kwa nani? Nililia hiyo usiku, siwezi kuwaficha.

Haya, bei. Nitajieni nyinyi, msitumie zangu. Unga kilo mbili? 150, kuna mahali 160, tuseme 150. Sukari kilo? 150 pia. Mafuta lita, 320. Maharagwe kilo, 160. Mkate 70. Sasa mi hufanya hivi, nauliza hii kitu inaniuzia kalori elfu moja kwa pesa ngapi. Unga ni shilingi 21. Sukari inafika 37 na nusu. Mafuta 39. Maharagwe 47. Mkate 70, mnaona mkate umeshatoka mbio na ndio tunanunua kila asubuhi. Soda ya mililita 300 iko na kalori kama 127 tu, ukiinunua 50 ni kama shilingi 400 kwa hizo kalori elfu, na ni sukari tupu, ile ile ya 37 na nusu.

Lakini ngojeni, msiandike haraka, hapa ndio mtu anaweza kuharibu watoto. Ukifuata hiyo safu ya bei ya kalori peke yake utalisha watu ugali na chai ya rangi na hesabu itatoka safi kabisa. Mtoto atashiba na hatakua vizuri. Ndio maana kwa daftari niko na safu ingine, ya protini. Kilo ya maharagwe iko na gramu kama 210 za protini, kwa 160 hiyo ni chini ya shilingi moja kwa gramu. Yai la 15 liko na gramu 6, shilingi mbili na nusu. Maziwa ni karibu shilingi nne kwa gramu. Sisemi msiwape watoto mayai na maziwa, wapeni, na omena pia, unaila na mifupa yake na hiyo ni kalsiamu, nasema tu maharagwe na ndengu ndio zibebe mzigo mkubwa. Na mahindi peke yake protini yake iko na upungufu, kuna sehemu ya protini inaitwa laisini haitoshi, maharagwe iko nayo nyingi, halafu ile maharagwe inakosa mahindi inasaidia. Yaani githeri. Shosho zetu walikuwa wamefika hapo bila daftari.

Sukuma wiki usiipime na kalori kabisa, utaitupa bure. Hiyo tunanunua ya vitamini.

Sasa makaa, juu najua kuna mtu anasema maharagwe ni bei rahisi kwa duka lakini ni ghali kwa jiko, na ako na haki, mi ndio niliyakata juu ya hiyo. Kosa langu ni kwamba sikuwahi kupima. Nilipopima nikaona ukiyalowesha kutoka jioni, umwage yale maji asubuhi, muda wa jiko unapungua sana. Ukipika ya siku tatu mara moja moto ni mmoja. Kama uko na gesi sufuria ya presha inajilipa, hata kama mtanunua moja watu watatu mkiazimana. Halafu kuna yule mama wa kuchemsha pale kona, anauza githeri na maharagwe yameiva tayari kwa kikombe, tunamdharau tunasema hiyo ni ya mabachela. Pimeni. Kilo moja kavu ikiiva inakuwa karibu kilo mbili na nusu, kwa hivyo linganisha na hiyo, ongeza makaa yako, na kuna wiki utakuta yeye ndio rahisi kuliko wewe, juu anachemsha sufuria kubwa kwa moto mmoja. Mimi Jumatano na Alhamisi nanunua kwake.

Kupimiwa nayo, mafuta ya ishirini, sukari robo, unga nusu. Sitamlaumu mtu hapo. Mtu analipwa kwa siku, atatoa wapi 320 ya mafuta mara moja? Lakini iandikeni hiyo tofauti, hata mwezi mmoja tu, halafu mlete kwa chama. Sisi wanane tulichanga tukanunua gunia la kilo 90 tukagawana, kila mtu akapeleka yake poshomill, na unga ya poshomill ukisaga bila kukoboa inabaki na kiini. Ila mahindi muyaangalie kwa mkono na kwa pua, juu bei ikiwa chini sana iko na sababu. 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za karibu watu 125 walikufa na sumu ya kuvu, aflatoksini, mahindi yaliwekwa na unyevu. Kupika hakuitoi. Mahindi yakiwa na rangi ya kijani kijani ama harufu, wachana nayo hata ukipewa bure. Na gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, angalieni chini haijabonyezwa ndani, mi siku hizi natembea na mizani ndogo kwa kikapu nikienda Muthurwa, mwanzo waliniangalia vibaya, sasa kuna wauzaji wawili wananiita wenyewe.

Pesa ya kurudisha zile kalori 2,200 ilitoka wapi? Nilitoa statimenti ya M-Pesa ya mwezi mzima, yangu na yake, tukakaa chini na kalamu nyekundu. Soda, mandazi ya stejini, smoki, keki ya mtoto akilia. Ilifika shilingi 1,900, na hatukuwa tumeona hata moja ikienda juu kila moja ilikuwa thelathini, hamsini. Kwa bei zenu za leo, robo kilo ya maharagwe kwa siku ni 40, unga ya uji gramu 300 ni kama 23, vijiko viwili vikubwa vya mafuta kama 10. Hiyo ni 73, na inakupa karibu kalori 2,170. Zile 1,900 ukigawa kwa siku thelathini ni 63. Shilingi kumi kwa siku ndio nilihitaji kuongeza. Kumi. Na mimi nilikuwa nimekata elfu nne.

Uji sasa anakunywa kabla atoke, mzito, na njugu karanga nimesaga ndani nikipata. Mshipi alirudi shimo la zamani baada ya kama miezi minne.

Ndio mama, wa leso ya kijani, uliza. Anauliza sukari, ati kwake kilo inaisha siku tano na wako wanne. Piga hesabu na mimi, elfu moja gramu, watu wanne siku tano ni ishirini, kila mtu gramu 50. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema sukari ya kuongeza isipite sehemu moja kwa kumi ya kalori za siku, kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 50, na ikishuka nusu ya hapo ni afadhali. Kwa mtu mzima uko kwa mpaka, kwa mtoto umepita. Usitoe yote mara moja, watakukasirikia na utaacha. Toa kijiko kimoja kwa chupa nzima ya chai, wiki ijayo kingine, na andika ile kilo sasa inaisha siku ngapi.

Mzee wangu hapo pembeni anauliza kama hajui kuandika vizuri. Usiandike, mzee. Pakiti ikiisha usitupe, weka kwa kamba nyuma ya mlango, mwisho wa mwezi zihesabu na mjukuu. Unga ngapi, sukari ngapi, mafuta ngapi. Uje nazo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, mi nitakuwa hapa saa nane na mizani, tutazihesabu pamoja.

Nani mwingine alikuwa ameinua mkono?