Mfalme Asiye na Kaburi: Arthur mikononi mwa waliomshinda

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu na wanafunzi, wageni wetu wapendwa,

Naomba nianze na kaburi. Karibu na mwaka 1191, watawa wa abasia ya Glastonbury, kusini-magharibi mwa Uingereza, walichimba katika uwanja wao wa mazishi, kati ya nguzo mbili za kale za mawe, na baada ya kushuka futi 16 wakatangaza kwamba wameyafikia mabaki ya Mfalme Arthur, shujaa wa hadithi za kale za Britania. Gerald wa Wales, mwandishi aliyefika hapo muda mfupi baadaye, anasimulia kwamba mifupa hiyo ilikuwa ndani ya gogo la mwaloni lililotobolewa kati, na kwamba mfupa wa muundi uliposimamishwa kando ya mguu wa mtu mrefu kuliko wote waliokuwapo, ulimpita goti kwa vidole vitatu. Humo humo palikuwa na mifupa ya mwanamke pamoja na shungi la nywele za rangi ya dhahabu, ambalo mtawa mmoja alilidaka kwa pupa likasagika likawa vumbi mkononi mwake. Msalaba mdogo wa madini ya risasi, uliofichwa chini ya jiwe, ulikuwa na maandishi ya Kilatini yaliyoeleza kwamba aliyezikwa hapo ni mfalme mashuhuri Arthur, katika kisiwa cha Avalon, pamoja na Guinevere, mkewe wa pili.

Wataalamu wa akiolojia wa leo hawalikubali kaburi hilo, nami siwezi kulikubali. Swali ninalotaka tulitafakari jioni hii ni jingine: ni nani aliyekuwa na haja ya kumzika mtu ambaye, kama kweli aliishi, alikuwa amekufa zaidi ya miaka 600 kabla ya siku hiyo?

Ili kulijibu hatuna budi kukumbuka kwamba Arthur wa mwanzo hakuwa mfalme wa Waingereza. Alikuwa adui yao. Baada ya utawala wa Roma kuondoka kisiwani mwanzoni mwa karne ya 5, Wabritoni, wenyeji ambao wazao wao ni watu wa Wales, Cornwall na Bretagne, walisukumwa polepole kuelekea magharibi na Wasaksoni na Waanglia, ambao ndio mababu wa Waingereza. Kasisi Gildas, aliyeandika katika karne ya 6 akiwa karibu kabisa na matukio hayo, anavitaja vita vya Mlima Badon ambako Wabritoni walipata ushindi mkubwa, lakini jina la Arthur halimo katika kitabu chake. Jina hilo tunalikuta vitani Badon karibu mwaka 830, katika historia ya Kilatini iliyotungwa Wales. Humo Arthur ni amiri wa vita anayepigana bega kwa bega na wafalme wa Wabritoni mara 12, na katika vita vya mwisho anaangusha watu 960 kwa shambulio moja, yeye peke yake. Hesabu ya namna hiyo ni hesabu ya malenga, na mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Watu walionyang'anywa ardhi walikuwa wamejitungia mtu ambaye mkono wake mmoja ulitosha kuwarudisha wavamizi nyuma.

Mtu wa namna hiyo hafi kirahisi. Kumbukumbu za miaka za Wales zinasema Arthur na mtu aitwaye Medraut walianguka katika vita vya Camlann mwaka 537, lakini hazielezi alizikwa wapi. Liko shairi la kale la Kiwelisi linaloorodhesha makaburi ya mashujaa, hili lipo hapa na lile lipo kule, nalo linapomfikia Arthur linasema tu kwamba kaburi lake ni fumbo kwa dunia. Mwaka 1113 makasisi kutoka Laon, Ufaransa, walipita Bodmin, Cornwall, wakichangisha fedha kwa ajili ya kanisa lao lililoungua. Mtu mmoja mwenye mkono uliopooza, aliyekuja kwao kutafuta uponyaji, akawaambia kwamba Arthur yu hai. Wahudumu wa makasisi wakamcheka, na ugomvi ukazuka karibu umwage damu. Tuitazame picha hiyo kwa makini, kwa sababu hakuna anayepigania hadithi kwa ngumi kama hadithi hiyo haikubeba heshima yake.

Miaka 25 hivi baadaye mwandishi Geoffrey wa Monmouth akatoa kitabu chake cha Kilatini juu ya wafalme wa Britania, ambacho nakala zake za mkono zaidi ya 200 zimesalia hadi leo. Ndani yake tunampata mwaguzi Merlin akiingizwa katika hadithi ya Arthur, ingawa wawili hao hawakutani, tunapata mimba ya Arthur iliyotungwa kwa hila kule Tintagel, Cornwall, na mwishoni mfalme aliyejeruhiwa vibaya anapelekwa Avalon ili atibiwe majeraha. Mwanahistoria William wa Newburgh alimshutumu Geoffrey waziwazi kwa uongo, lakini hakusikilizwa. Mwaka 1155 mshairi Wace aliigeuza kazi hiyo kuwa ushairi wa Kifaransa na kuingiza Meza ya Mviringo, walipoketi mashujaa wa Arthur. Mshairi Mfaransa Chrétien de Troyes akaleta shujaa Lancelot, makao ya kifalme ya Camelot na kile chombo cha ajabu ambacho waliomfuata walikifanya Kikombe Kitakatifu. Kwa muda usiozidi miaka 60, amiri wa washindwa alikuwa amevikwa mavazi ya ikulu za Wanormani, watawala wa Uingereza waliotoka Ufaransa, na kuzungumza Kifaransa.

Sasa turudi Glastonbury. Abasia ile iliungua mwaka 1184, na Mfalme Henry wa Pili, aliyekuwa akigharimia ujenzi mpya, alifariki mwaka 1189. Watawa walihitaji mahujaji na sadaka zao. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Gerald anaandika kwamba ni Henry mwenyewe aliyewaelekeza watawa mahali pa kuchimba, baada ya kusikia siri hiyo kwa malenga mzee wa Wabritoni. Henry alikuwa amepigana na watu wa Wales mara kadhaa. Mfalme anayesubiriwa na raia wakaidi ni hatari kuliko jeshi, na dawa yake ni kuwaonyesha mifupa yake.

Kitukuu chake, Mfalme Edward wa Kwanza, aliielewa dawa hiyo vizuri. Mwaka 1278, miezi michache tu baada ya kumlazimisha Llywelyn, mtawala wa Wales, kusalimu amri, alikwenda Glastonbury na mkewe Eleanor, akaamuru kaburi lifunguliwe, mifupa ikafungwa kwa vitambaa vya thamani na kuwekwa tena kwa heshima zote za kifalme. Llywelyn aliuawa mwaka 1282, na taji lililosemwa kuwa la Arthur likachukuliwa kutoka Wales likapelekwa Westminster. Meza kubwa ya mwaloni inayoning'inia hadi leo Winchester, yenye upana wa mita 5.5, nayo inadhaniwa kuwa ilitengenezwa zama za Edward. Mzao wa wavamizi alikuwa ameshika taji, meza na maiti.

Hata hivyo, tumsikilize mwandishi Mwingereza Thomas Malory, ambaye kitabu chake juu ya Arthur kilichapishwa mwaka 1485, wakati kaburi lile la kifahari lingali limesimama mbele ya madhabahu. Anasimulia kwamba wanawake walileta maiti usiku kwa mtawa mmoja aliyeishi upweke karibu na Glastonbury, na kwamba mtawa huyo hakuwa na hakika amemzika nani. Kisha anaongeza kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza watu husema Arthur hakufa, na kwamba atarudi. Yeye mwenyewe anakataa kusema kwamba itakuwa hivyo, ila tu kwamba hapa duniani mfalme huyo alibadilisha maisha yake.

Mwaka 1539 Henry wa Nane aliifunga abasia ya Glastonbury, na kaburi likapotea pamoja nayo. Mifupa haikuonekana tena. Mgeni anayefika huko leo huonyeshwa kibao na kipande cha nyasi katikati ya magofu.