Usimfungie Ndani: Siku za Kwanza Bila Chang'aa

ATIENO: Hamjambo nyote, kuanzia hapa Kisumu, Busia na Kakamega hadi Nakuru. Leo tunazungumza na familia ambayo imekaa ikakubaliana: huyu mtu wetu wa chang'aa kesho tunamfungia chumbani hadi imtoke. Ndugu Wafula, tuanzie hapo.

WAFULA: Naanza na ombi, dada. Msimfungie. Pombe huupoza ubongo, na ubongo unaopozwa kila siku kwa miaka hujizoeza kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili usilale. Ukiiondoa pombe ghafla, zile nguvu zinabaki bila cha kuzizuia. Kwa mtu aliyezama, hilo linaweza kumuua, na wengi hawalijui.

ATIENO: Wape saa zake.

WAFULA: Hesabu kuanzia tone la mwisho alilokunywa, si wakati mlipofunga mlango. Kati ya saa 6 na 24 mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anatapika, moyo unaenda mbio. Degedege, kama itakuja, huja kati ya saa 6 na 48. Halafu kuna kuweweseka: hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, joto limepanda. Hiyo huja kuanzia siku ya pili hadi ya nne. Hapo ndipo familia hukosea. Siku ya kwanza wote wamekaa naye, na siku ya tatu wanasema amepita salama, wanarudi sokoni na kazini. Anabaki peke yake saa ile mbaya kuliko zote.

ATIENO: Na akianza kuongea na watu wasioonekana, anafungwa kamba apelekwe kuombewa. Maombi ni mema, na yanaweza kufanyika kando ya kitanda cha hospitali. Sasa, atajulikanaje nani yuko hatarini na nani anaweza kuacha akiwa nyumbani?

WAFULA: Unapima. Kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, maswali 10, alama 0 hadi 40. Akifika 8 kuna tatizo, na kuanzia 20 shuku kwamba mwili umeshaitegemea. Mimi husisitiza swali la 6, la kunywa asubuhi ili mwili uanze kazi.

ATIENO: Kutoa loki, ule uchovu wa pombe ya jana.

WAFULA: Kutoa loki, barabara. Anayetoa loki kila asubuhi anajitibu mwenyewe ile mitetemo. Ukilisikia hilo, acha kumhubiria, anza kupanga matibabu.

ATIENO: Kuna mahali hilo dodoso hukwama huku kwetu. Linauliza vinywaji vingapi kwa siku. Busaa inanywewa kwa mirija, chungu kimoja, watu sita wamekizunguka. Nani anajua fungu lake? Chang'aa nayo huzungushwa kwa kikombe kimoja. Ukimuuliza mtu glasi ngapi atakuambia "mbili tatu hivi", na hakudanganyi, ni kwamba hazihesabiki. Watafiti wa Eldoret walilifanyia kazi jambo hili. Walipima vinywaji vyenyewe wakapata busaa ina kileo cha takriban asilimia 4 na chang'aa takriban 34, kisha wakaonyesha kwamba ni heri kuuliza pesa kuliko ujazo.

WAFULA: Kwa sababu pesa mtu anaikumbuka.

ATIENO: Anaikumbuka hata akiwa amelewa! Kwa hiyo uliza: jana ulitumia shilingi ngapi, na ulinunuliwa za shilingi ngapi? Gawanya kwa bei ya kipimo kinachouzwa pale mtaani, kisha zidisha kwa mililita za kipimo kimoja, upate mililita zote. Zidisha kwa 0.34, ile asilimia 34, kisha kwa 0.79, uzito wa mililita moja ya kileo, utapata gramu za kileo tupu. Glasi ya mililita 250 inatoa gramu 67 hivi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20. Glasi moja ya chang'aa basi inazidi chupa tatu za bia, na mtu anasema kwa moyo mweupe, "mimi hunywa glasi mbili tu."

WAFULA: Ila wapishi hawalingani, kwa hiyo hiyo 34 ichukuliwe kama makadirio. Baada ya kiasi, uliza yale yanayompeleka hospitalini moja kwa moja: amewahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha? Ana ugonjwa wa ini, homa kali, jeraha la kichwa? Ni mjamzito? Anatumia vidonge vingine? Hana mtu asiyelewa wa kukaa naye? Jibu la "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo, asiachie nyumbani.

ATIENO: Na akipokelewa, tunatarajia nini?

WAFULA: Dawa kuu ni diazepamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na wataalamu unaanza na hadi miligramu 40 kwa siku, kwa mfano 10 mara nne, kisha inapunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 3 hadi 7. Ini likiwa bovu au mtu akiwa mzee, kipimo kinashushwa. Hiyo ni kazi ya daktari au afisa wa kliniki. Usiende kuinunua dukani, kwa sababu diazepamu ikikutana na chang'aa tumboni, pumzi inaweza kusimama. Hata anayetibiwa akilala nyumbani hupewa dawa ya siku moja moja, na ikishikwa na mtu mwingine.

ATIENO: Na thayamini.

WAFULA: Vitamini B1, nayo ni ya bei ndogo mno kiasi kwamba inasahaulika. Mnywaji wa kila siku hula kidogo na utumbo wake hauifyonzi vizuri. Kiwango cha kinga ni miligramu 100 kwa siku, siku 5. Akishaonekana kuchanganyikiwa, kuyumba akitembea, au macho kucheza, vidonge havitoshi tena, apewe kwa mshipa na kwa kiwango kikubwa. Kosa ninaloliogopa ni dripu ya sukari kutundikwa bila thayamini. Sukari huchoma ile B1 kidogo iliyobaki, na kumbukumbu yake inaweza kupotea isirudi. Thayamini itangulie au ziende pamoja. Sukari ya damu ikiwa imeshuka sana, hiyo sukari haisubiri.

ATIENO: Kosa jingine: mtu anaweweseka, anapigwa sindano ya kutuliza wagonjwa wa akili peke yake, bila diazepamu. Anatulia machoni pa watu, kumbe nyingi za sindano hizo hurahisisha degedege.

WAFULA: Ongeza methanoli, ile spiriti ya sumu inayoweza kuwa ndani ya pombe. Mtu akilalamika anaona ukungu saa 12 au 24 baada ya kunywa, na anahema kwa nguvu, msimsubirishe mkidhani ni loki. Huenda ni sumu, na kila saa inakula macho yake.

ATIENO: Kuna swali ambalo akina mama huuliza kwa sauti ya chini: ile dawa ya kutia kwenye chakula ili achukie pombe. Ni disulfiramu. Mama, naelewa umechoka, lakini usimtilie kisirisiri. Akinywa juu yake, uso unawaka, anatapika, shinikizo la damu linaporomoka, na kuna waliokufa. Hata ukiacha kumpa, inaweza kukaa mwilini hadi wiki mbili. Ni dawa ya mtu aliyekubali mwenyewe, aliyepimwa ini na moyo, na aliyekaa angalau saa 12 bila kileo.

WAFULA: Na baada ya wiki moja mwili ukishatulia, watu hudhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Hapo anahitajika mshauri aliyefunzwa. Kuna mtaala wa kimataifa ulioandaliwa na Colombo Plan, shirika la ushirikiano wa nchi za Asia na Pasifiki, unaotumika nchi nyingi za Afrika. Kozi zake za msingi ni 8: namna kileo na dawa zinavyobadilisha ubongo, mwendelezo wa huduma, magonjwa ya akili yanayoambatana, stadi za ushauri, tathmini na kuweka kumbukumbu, usimamizi wa mteja, dharura, na maadili. Unapotafuta kituo, uliza nani pale amesoma hayo, na daktari huja siku gani. Mshauri kuwa aliacha pombe mwenyewe ni ushahidi mzuri, lakini haumfundishi mtu kutambua degedege.

ATIENO: Lakini si lazima awe na digrii. Pale Eldoret, washauri wa ngazi ya chini waliofunzwa na kusimamiwa vizuri waliongoza vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Vikao 6, kimoja kwa wiki, dakika 90. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilikuwa na watu 614, na waliohudhuria vikao hivyo walipunguza pombe kuliko wenzao waliopewa elimu ya afya ya kawaida. Walifanya mazoezi ya mambo ya hapa hapa: mshahara ukiingia unapita njia gani kwenda nyumbani? Rafiki akikuita kilabuni unamjibu nini?

WAFULA: Shule nazo ziache kumwita mtu paredi aje kutisha watoto kwa picha za maini yaliyooza. Viwango vya kimataifa vya kinga vinataka vikao 10 hadi 15, kimoja kwa wiki, watoto wakifanya mazoezi ya kukataa na kuamua. Hotuba moja haizuii kitu.

ATIENO: Anayetaka kuanza leo apige 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kabla ya kupiga, andika kwenye karatasi: saa aliyokunywa mara ya mwisho, pesa anazotumia kwa siku, kama anatoa loki, kama amewahi kupata degedege, na dawa zote anazomeza, za miti shamba pia.

WAFULA: Na karatasi hiyo mwende nayo hospitali.