Mtazamaji Asiyetegewa Kitendawili

Ndugu watayarishaji na wanafunzi wa utangazaji, nimelisema jambo hili mara nyingi hapa Kampala, na leo nalirudia kwa sababu bado naletewa maandiko ya vipindi vya chemsha bongo yanayoeleza taa, muziki na zawadi, lakini hayasemi mtu aliyekaa nyumbani atafanya nini.

Tarehe 20 Januari 1961, kituo cha CBS cha Marekani kilirusha You're in the Picture, kipindi kilichoongozwa na Jackie Gleason, mchekeshaji aliyependwa mno nchini humo. Wageni wanne mashuhuri walipenyeza vichwa katika matundu ya picha kubwa wasiyoweza kuiona, kisha wakamuuliza Gleason maswali ili watambue wamo katika tukio gani. Angalieni kosa lilipo: mtazamaji alikwisha kuiona picha nzima! Sisi tuliolelewa kwa vitendawili twajua kwamba anayesikia "Kitendawili!" akaitikia "Tega!" amekwisha kuingia mchezoni, na akishindwa hana budi kutoa mji. Pale jibu lilitangulia swali, na mtazamaji hakubakiwa na kazi ila kuwangojea wengine wafumbue alichokijua tangu mwanzo.

Wapo watakaonijibu kwamba kumjua mwizi kabla askari hajamjua hunogesha mchezo wa kuigiza. Ni kweli, lakini huko yupo mtu tunayemhofia. Katika matundu yale hapakuwa na la kuhofiwa, kwa kuwa mgeni aliyekosea hakupoteza chochote.

Juma lililofuata, Gleason alikaa kitini kwenye jukwaa tupu, bila picha wala wageni wale, akatumia nusu saa nzima kuwaomba watazamaji radhi kwa kipindi kile kilichoshindwa. Majuma yaliyosalia, hadi Machi, aliyajaza kwa mazungumzo. Basi ninyi mnaoniambia kila mwaka kwamba vipindi vyetu hufa kwa uhaba wa fedha, nijibuni: pale fedha, nyota na wadhamini vyote vilikuwapo, ni nini kilichopungua?

Nilikusudia kuzungumzia pia uteuzi wa washiriki na masharti ya wadhamini, lakini muda umekwisha na hayo yanaweza kungoja. Sasa naomba kila mmoja afungue andiko lake, atuonyeshe ni dakika ya ngapi mtazamaji wa Mbale au Gulu anategewa swali la kwanza.